Kwenda Saa Kumi na Tano

Lifti ya mizigo ya uwanja wa ndege ilikwama katikati ya ghorofa mbili, na ndani yake alikuwamo msichana mmoja na toroli lililojaa mablanketi mpaka juu.

Nje, ukumbi ulifurika watu kama siafu waliomwagiwa maji. Magurudumu ya masanduku yalikwaruza sakafu, watoto walilia, na sauti ya mwanamke kwenye kipaza sauti iliita wasafiri wa miji ya mbali kwa upole, kana kwamba anawaita chumba cha pili. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu amefungiwa ukutani. Aliyejua ni kijana mmoja aliyekuja mbio na mkanda wa vifaa kiunoni, shavu lake lina alama ya grisi. Alipiga goti, akaweka mdomo kwenye mwanya wa mlango.

"Kuna mtu humo?"

"Kuna mablanketi," sauti ikajibu kutoka chini. "Mtu alikuwepo zamani, ameshakata tamaa."

Yule kijana akacheka kabla hajajizuia. "Mwambie huyo mtu asiguse kitu. Namtoa sasa hivi."

"Anauliza wewe ni nani. Kwao hawatolewi na watu wasiojulikana."

"Fundi wa lifti."

"Ahaa. Kumbe ndiye mwenye kosa."

Alipofanikiwa kuusogeza mlango, aliona kwanza rundo la mablanketi ya kijivu, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Juu ya rundo yalitokea macho mawili makubwa na kilemba cha manjano. Fundi alinyoosha mkono amvute. Badala ya mkono wake, yule msichana akampa blanketi, kisha la pili, kisha la tatu.

"Yatoe haya kwanza," alisema. "Mimi sisubiriwi na ndege. Haya yanasubiriwa."

Basi ndivyo walivyoonana, yeye akipokea mablanketi moja moja kama mtu anayepokea watoto kutoka kwenye nyumba inayoungua, na yule msichana akizidi kuonekana kidogo kidogo: uso, mabega, ovaroli la buluu lililofungwa kiuno kwa kipande cha kitambaa cha maua, na mwisho viatu vyake vya gambuti. Alipotoka, Fundi alikuwa ameshajua kwamba atamtafuta tena.

Yule msichana, kazini walimwita Povu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hasira zake zilipanda haraka na kuisha haraka, ukigeuka huzioni. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufua kilichokuwa nyuma ya uwanja, upande wa pili wa uzio wa waya, mahali ambapo ndege zikipaa vioo vya madirisha hutetemeka. Humo ndani mashine zilizunguka tangu asubuhi, mvuke ulijaa mpaka kwenye paa la bati, na wanawake waliongea kwa kupiga kelele hata walipokuwa wanasemana kwa siri.

Haikupita wiki, Fundi akatokea mlangoni na mkanda wake wa vifaa, amevaa shati safi jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Akasema ametumwa kukagua lifti.

"Jengo hili halina lifti," Povu akamwambia.

"Una hakika?"

"Halina hata ngazi, kaka."

Wanawake wote wakazima mashine ili wacheke vizuri. Fundi akatazama juu, akatazama chini, akasema basi atakagua mlango. Tangu siku hiyo, kila mapumziko ya mchana, wawili hao walionekana kwenye benchi la mbao kando ya uzio, kikombe kimoja cha chai katikati yao, wakitazama ndege.

Hapo Povu ndipo alipomwonyesha kitu ambacho hakuwahi kumwonyesha mtu. Alimweleza kwamba mablanketi husema. Yale ya safari fupi hurudi yamelala vile vile kwenye nailoni zake, hayakuguswa. Lakini yale ya safari ndefu hurudi yamekunjamana, yamebeba watu: chembe za biskuti, soksi ya mtoto, manukato, doa jeusi la wanja wa mtu aliyelia. Kila gunia huja na kikaratasi chenye namba ya ndege na mji ilikotoka. Na lilikuwepo gunia moja, la ndege inayotoka mji ulio ng'ambo ya bahari kubwa, ambalo akilifungua husita kwanza.

"Asubuhi lilikuwa juu ya bahari," alisema taratibu, akitazama viganja vyake. "Chini yake hakuna nchi, hakuna taa, hakuna mtu. Mchana liko mkononi mwangu, bado lina joto. Hilo jambo mimi haliniingii akilini. Kila siku nalishika, na kila siku haliniingii."

Fundi hakujibu kwa mzaha, kama alivyozoea. Akasema yeye maisha yake yote anapanda na kushuka mahali pale pale, na hajafika popote.

Povu akamcheka. Akamwambia mtu wa lifti hana shida, kwa sababu akipotea watu wanajua ama yuko juu ama yuko chini. Lakini usiku ule, kitandani, alijikuta anawaza sauti ile aliyotumia kusema hajafika popote, na moyo ukamwambia kwamba mtu huyu ataondoka.

Moyo haukukosea. Kampuni ya lifti ilimchagua Fundi aende kujifunza lifti za majengo marefu. Na mji aliopelekwa ulikuwa ule ule wa lile gunia.

Siku aliyopata habari, Povu alikwenda ofisini kwa msimamizi wake kupeleka funguo, akakuta ramani iliyokuwa ukutani siku zote bila yeye kuitazama. Mistari myekundu ilitoka kwenye mji wao kama nyuzi kutoka kwenye kibonge cha uzi. Akatafuta kwanza mji mwingine mkubwa anaoujua, ule ambao mama yake husafiri kutwa nzima kwa basi kufuata mzigo. Umbali wake ulikuwa sawa na ukucha. Kisha akafuata kwa kidole ule mstari wa ng'ambo. Kidole kilitembea kwenye buluu, kikatembea, kikamaliza urefu wa kiganja, kikamaliza urefu wa mkono, na bado hakijagusa nchi. Akaurudisha mkono mfukoni kama ameungua.

Ndege ya Fundi iliondoka alfajiri. Povu alikuwa ameshamuuliza safari ni ya muda gani, naye akajibu ataambiwa huko huko ndani ya ndege. Kwa hiyo Povu akahesabu mwenyewe. Alisikia ngurumo ya kupaa, akatazama saa ya ukutani, na siku nzima akafua huku sikio liko kwenye simu. Akafika nyumbani, akala, akaosha vyombo, na jua likazama. Ndipo simu ikalia.

"Nimefika, laazizi. Ndiyo kwanza magurudumu yamegusa."

"Huko saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

Povu akatazama dirishani. Nje giza lilikuwa limeshika, majirani wamewasha taa. "Saa sita ya jana au ya leo?"

"Ya leo. Jua liko utosini."

Akakaa kitandani. Mtu aliyeondoka alfajiri amesafiri saa kumi na tano, na huko alikofika bado ni mchana wa siku ile ile. Alimuuliza zile saa nyingine zimekwenda wapi. Fundi akasema hata yeye hajui, labda zimebaki njiani. Alimuuliza ameona nini angani. Fundi akasita kidogo, akasema, "Mawingu. Mawingu tu."

Saa kumi na tano. Povu aliishika hesabu hiyo kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba yake. Wenzake kiwandani wakibishana habari za safari, yeye alikuwa wa kwanza kusema, "Ile ni saa kumi na tano, mimi naijua."

Simu ziliendelea. Fundi akiamka, Povu alikuwa anatoka kazini. Povu akipiga mwayo, Fundi alikuwa ndiyo kwanza anakula cha mchana. Walijifunza kupendana mmoja yuko kwenye jua na mwingine yuko kwenye giza. Fundi alimweleza lifti inayopanda ghorofa nyingi mpaka masikio yanaziba. Povu alimweleza nani ameolewa, nani ameungua na pasi. Alimtania kwamba ana sauti ya mafua, na Fundi akasema huko hata mafua yana baridi.

Kisha, jioni moja, Fundi akasema kampuni inataka kumpeleka mji mwingine tena, upande wa pili kabisa wa dunia, kazi ya miaka mitatu. Mwenye mke anapewa nyumba. Akamuuliza Povu kama atakuja.

Povu alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini ule mstari mwekundu ukamjia mbele ya macho, na buluu yote ile, na akajiona amekaa kwenye kiti juu ya kitu kisicho na sakafu. Aliona haya kusema kwamba anaogopa, yeye anayejidai kila siku na ndege zake. Akasema, "Siwezi kumwacha mama. Mama hajiwezi siku hizi."

Fundi akampa pole nyingi. Akasema basi watangoja.

Mama mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kutosha soko zima, aliyeuza viatu vya mitumba na hakuwahi kuumwa hata jino. Siku chache baadaye Povu alikuwa anaoga, simu ikalia, na mama akaipokea. Fundi akamsalimia kwa unyenyekevu, akamuuliza anaendeleaje na ugonjwa.

"Ugonjwa gani, mkwe? Nimetoka kubeba gunia la viatu begani sasa hivi. Labda naumwa uzima."

Povu alipotoka bafuni, alikuta simu imekatwa na mama amesimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mkononi. Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Povu. Alimwambia tu kwamba kwa miaka yake yote amesingiziwa mambo mengi, lakini kuuguzwa angali mzima ndiyo mara ya kwanza.

Povu alipiga simu usiku huo. Fundi alipokea.

"Kama hunitaki, ungesema," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Nisingekulazimisha. Lakini kunifanya nimwombee mama wa watu apone, na yeye anabeba magunia."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Povu akatafuta maneno. Aliyoyapata yote yalikuwa madogo na ya aibu. Hasira yake ikapanda badala yake, akamwambia kama anaona amedanganywa basi shauri yake. Zamu hii hasira ilipokwisha, upande wa pili hapakuwa na mtu.

Wiki kadhaa zikapita bila simu. Ndipo ukaja ujumbe mmoja. Fundi alisema ameikubali kazi ya mji ule mwingine, na ndege atakayopanda itapitia nyumbani. Anaondoka huko saa nane mchana, kwa saa za huko, siku fulani. Hapo nyumbani atakuwa na muda mfupi kabla ya kuunganisha. "Nitatoka mpaka mlango wa wanaowasili," aliandika. "Ukiwepo nitajua. Usipokuwepo nitajua pia, na sitakusumbua tena. Usinipigie. Maneno ya simu yametuchosha."

Rafiki yake wa kazini, ambaye waliitana shoga, alisoma ujumbe ule mara mbili. Akamshauri waende wakaulize uwanjani ndege inatua saa ngapi.

"Niulize nini, shoga? Safari hii naijua kuliko anayeiendesha." Povu akahesabu kwa vidole. Saa nane mchana ya huko ni saa tano usiku ya hapa. Ongeza saa kumi na tano. "Saa nane mchana magurudumu yanagusa. Saa saba na nusu mimi nimesimama mlangoni kama nguzo."

Siku yenyewe alikuja kazini na gauni lake limefungwa kwenye kanga. Lilikuwa la rangi ya zambarau iliyoiva, mikono mirefu, kiuno kimebanwa, kazi ya fundi cherehani wa mtaani kwao ambaye Povu alimsumbua kila siku mpaka akalimaliza. Alilining'iniza karibu na bomba la mvuke linyooke lenyewe. Alifua tangu asubuhi na roho juu. Alipanga maneno, akayapangua. Kila mashine iliponyamaza alijisikia akiongea peke yake.

Baada ya chakula cha mchana, gari la mablanketi likaingia uani. Dereva wake, mzee mcheshi ambaye kiwanda kizima kilimwita Mjomba, alishusha magunia akiimba puani. Povu akavuta gunia la kwanza, akalifungua kama kawaida, akaingiza mkono.

Mablanketi yalikuwa na joto.

Akasita, kama alivyosita siku zote kwa gunia moja tu. Akageuza kikaratasi. Namba ilikuwa ile. Mji ulikuwa ule.

"Mjomba," aliita, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Hili gunia ni la jana?"

"La jana lina joto gani, mwanangu? Nimelitoa tumboni mwa ndege sasa hivi. Imetua saa sita."

"Haiwezekani. Ile ni saa kumi na tano."

"Kwenda," Mjomba akasema. "Kwenda ni saa kumi na tano, kwa sababu anapigana na upepo. Huko juu kuna upepo kama mto, unakimbia upande mmoja tu. Kurudi anakuwa ndani ya mto, anasukumwa. Saa kumi na tatu keshafika." Akamtazama usoni, akaacha kuimba. "Kwani vipi?"

Povu alisimama na blanketi mikononi. Miaka yote alikuwa ametazama anga lile na kuliona tupu. Kumbe juu ya kichwa chake, juu ya bati na mvuke na kelele za wanawake, ulikuwa unapita mto usioonekana, mkubwa kuliko mito yote, unabeba ndege kama majani makavu. Na mto huo ulikuwa umemleta Fundi mapema, ukamweka mlangoni, na mlangoni hakukuwa na mtu.

Blanketi lilianguka. Hakuvua aproni, hakugusa gauni. Alikimbia na gambuti zake kupitia geti la nyuma, shoga akimpigia kelele kwamba amesahau nguo, na Mjomba akimwambia shoga amwache, nguo haitaolewa.

Fundi alikuwa ametoka kwenye ule mlango muda mrefu uliopita. Alikuwa amesimama kati ya watu walioshika maua na vibao, akimtazama kila mwanamke mwenye kilemba. Alikuwa amekonda, amefuga ndevu fupi, na koti la baridi mkononi lilimfanya aonekane mtu wa mahali pengine. Waliokuja kupokewa walipokewa. Waliokumbatiana waliondoka. Ukumbi ulimwagika watu ukajaa wengine, naye bado yupo, mpaka mfagiaji akamwomba asogee apige deki. Ndipo alipoinua begi lake. Alijiambia kwamba amejibiwa, na jibu la kimya ndilo jibu la heshima. Akapanda ghorofa ya wanaoondoka, akajiunga na foleni ya ukaguzi.

Foleni ilikuwa ndefu, nayo ndiyo iliyomwokoa. Povu alifika huku anahema, maji ya sabuni yanamchuruzika kwenye aproni, kila hatua gambuti zinalia kwenye sakafu inayong'aa. Watu wakampisha wenyewe. Aliliona koti kwanza, kisha shingo aliyoijua.

"Fundi."

Akageuka. Walitazamana. Yeye alimtazama kuanzia kilemba kilicholowa mpaka gambuti, na uso wake haukuonyesha kitu.

"Nilikuwa na gauni," Povu akasema. Halafu, kwa kuwa hilo halikuwa neno alilokimbilia, akavuta pumzi. "Mama yangu ni mzima."

"Ameniambia mwenyewe."

"Nilikudanganya kwa sababu naogopa. Siyo wewe. Naogopa ule umbali." Akaunyoosha mkono wake mbele ya Fundi. "Ipo ramani ofisini. Niliuweka mkono wangu kwenye ule mstari, mkono ukaisha na bahari haijaisha. Nikasema mimi nikae juu ya hapo, sina cha kushika? Nikaona haya kukwambia. Wewe ulipanda ukaenda, ukaniambia umeona mawingu, kama mtu aliyetoka dukani. Mimi nikajiona mtoto. Na leo sikuchelewa kwa kusudi, nilihesabu kurudi kama kwenda. Sikujua kuna upepo."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma ya Fundi kwenye foleni, mwenye kofia ya sufi na tiketi mkononi, akasogea apate kusikia vizuri.

"Sikuona mawingu," Fundi akasema mwishowe.

"Nini?"

"Siku ile ninakwenda. Sikuona kitu. Ndege ilipoacha ardhi nilijifunika gubigubi, nikajifunua tulipotua. Mhudumu alidhani ninaumwa."

Povu akamkodolea macho. "Wewe? Mtu wa lifti?"

"Lifti ina kamba, mpenzi. Ile haina kamba."

Kicheko kilimtoka Povu kikiwa kimechanganyika na machozi, na yule mama wa kofia akacheka pia, kisha akajikohoza.

"Jana nilijifunua," Fundi akaendelea. Aliongea taratibu, kama anaogopa kukimwaga anachokisema. "Nilisema, kama ndiyo tunaachana, nikione basi kilichotutenga. Jua lilizama nyuma yetu haraka, kama limeitwa. Halafu nyota. Povu, nyota nyingine zilikuwa chini ya dirisha langu. Nilitazama chini kuziona. Bahari yote ile ilikuwa na taa moja tu, chombo sijui cha nani, na nikamwonea huruma mtu aliyekuwa humo, na nikajua na yeye anatusikia tunapita. Nikasema sasa usiku huu nitaumaliza vipi. Kufumba na kufumbua, mbele kukawa na mstari mwembamba, mwekundu kama waya wa shaba. Kumekucha. Tulikuwa tunaukimbilia mchana, na wenyewe unatukimbilia. Sikupata hata nafasi ya kulia vizuri."

Povu alimtazama kama mtu anavyomtazama aliyerudi kutoka mahali wasikorudi watu.

"Bado ninaogopa," Fundi akasema. "Leo tena nitaogopa. Siwezi kukuahidi kwamba hutaogopa. Nakuomba tuwe tunaogopa wote wawili, kwenye ndoa, na mama yako akiwa mzima hivyo hivyo."

Mtu wa ukaguzi, kijana mwenye beji na uso wa kuchoka, aliinua kichwa. "Kaka, unaingia au unabaki? Watu wanakungoja."

"Mwache amalizie," mama wa kofia akamwambia. "Ndege wataikuta. Huyu binti akimwacha, hamkuti."

Povu alijipangusa mikono kwenye aproni, pande zote mbili. Aliuliza huko anakokwenda sasa ni mwendo wa saa ngapi.

"Saa kumi na kidogo."

"Na kurudi?"

"Upepo wa huko bado siujui."

"Basi nenda ukatafute nyumba," Povu akasema. "Nikija nitaujua mwenyewe. Lakini uje uwanjani mapema, Fundi. Mapema kabisa. Usihesabu."

Fundi aliachia begi, akamkumbatia na aproni yake ya maji mbele ya foleni nzima, na koti la baridi likaanguka, na mama wa kofia akaliokota akalishika kifuani kama shahidi. Kisha Fundi akalichukua, akaingia. Aligeuka mara moja kwenye kioo, shati lake limelowa kifuani, akatoweka.

Povu alirudi kwa miguu. Alipokuwa uani mwa kiwanda, simu ikalia. Alikuwa mama, kelele za soko zimejaa nyuma yake.

"Amekuja?"

"Amekuja, na anaondoka. Mama, naolewa. Nitapanda ndege nimfuate."

"Utapanda," mama akasema, siyo kwa kuuliza. Sauti yake ilishuka, ikawa sauti ambayo Povu aliisikia mara chache sana. "Ni mbali?"

"Ni mbali."

"Sana?"

Povu alitaka kumjibu, lakini bati likaanza kutetemeka. Ndege ilitokea juu ya paa, kubwa, tumbo lake jeupe likifunika anga, magurudumu yakijikunja kama miguu ya ndege aliye hai. Ilipita. Ikapanda. Siku zote alizitazama kwa mbali, lakini zikipita juu yake aliinamisha kichwa. Leo aliinua uso wake wote, akaifuata ikiwa kubwa kama nyumba, kisha kama kiatu, kisha kama sindano, mpaka ikaingia mahali penye buluu isiyokuwa na kitu.

"Mama," alisema kwenye simu, kwa sauti ya chini, "umewahi kutazama juu, ukatazama kweli?"

"Mimi nauza viatu, mwanangu. Kazi yangu iko chini." Halafu Povu akasikia kiti kikiburuzwa, na nyayo, na kelele za soko zikapungua, kama mtu ametoka nje ya kibanda chake. "Ngoja kwanza. Iko upande gani?"